Timu ya Roboti Sekondari: Maswali Tunayoulizwa Kila Msimu

Msimu mpya ukianza, wanafunzi wapya na wazazi wao huja na maswali yaleyale. Nimekuwa mlezi wa timu kwa misimu kadhaa, na haya ndiyo majibu ninayowapa tukiwa tumesimama kando ya meza ya kazi. Ukiwa na haraka, soma walau lile la dereva. Mechi nyingi huamuliwa hapo kuliko watu wanavyodhani.

Sijawahi kushika hata bisibisi. Nitapokelewa?

Ndiyo. Wengi huja hivyo. Tunachotaka kwako ni kufika siku za kazi, kuuliza usipoelewa, na kurudisha kifaa ulipokitoa. Wiki ya kwanza utapima, utakata, utatoboa tundu kwa drili na kusawazisha kingo kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Aliyezoea kompyuta namshika mkono nimpeleke kwenye jiriwa, na aliyezoea ufundi nampeleka kwenye kompyuta. Mtu akishaona upande wa pili, haandiki tena programu inayoamuru mkono wa roboti upite mahali penye bamba la alumini.

Mashindano yenyewe ni yapi?

Yapo ya aina kadhaa, na hayafanani. Yanayojulikana zaidi kwa roboti kubwa ni FIRST Robotics Competition. Shirika la FIRST lilianzishwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen huko Marekani, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya sekondari jimboni New Hampshire. Timu zilikuwa 28. Uwanja ulimwagiwa punje za mahindi, na roboti zikatakiwa kukusanya mipira ya tenisi juu yake. Napenda kuwasimulia wanafunzi habari hiyo, maana inaonyesha jambo ambalo halijabadilika: mchezo hupangwa ili uso wa uwanja, umbo la kitu kinachobebwa na uchache wa muda vikutese kwa pamoja.

Roboti za mashindano hayo huweza kuzidi kilo 50 hata kabla ya kuwekewa betri na bampa. Ndugu yake mdogo, FIRST Tech Challenge, hutumia roboti ambayo mechi ikianza lazima ienee ndani ya mchemraba wa inchi 18 kila upande, yaani sentimita 45 na ushei. VEX V5 Robotics Competition nayo ni ya roboti za kadiri hiyo. World Robot Olympiad, iliyoanza Singapore mwaka 2004, ina kundi ambalo roboti hujiendesha mwanzo hadi mwisho bila mtu kugusa kitu, na siku yenyewe ya mashindano huongezwa kanuni ya kushtukiza ambayo hakuna aliyeifanyia mazoezi. FIRST Global Challenge, tangu ilipofanyika mara ya kwanza Washington mwaka 2017, huita timu moja kutoka kila nchi.

Shule inayoanza naishauri ianze na roboti ndogo. Meza mbili zinatosha, na kosa la kukata bamba vibaya halikugharimu wiki nzima.

Mechi huendaje?

Haraka mno kwa anayeiona mara ya kwanza. Katika mashindano ya roboti kubwa, mechi ni ya dakika mbili na nusu hivi: sekunde chache za mwanzo roboti inajiendesha kwa programu yake, kisha madereva wanashika usukani. Timu tatu huungana dhidi ya tatu. Kwenye FIRST Tech Challenge ni mbili kwa mbili, na sehemu ya kujiendesha ni sekunde 30.

Jambo linalowashangaza wazazi ni kwamba uliyecheza naye mechi ya saa nne anaweza kuwa mpinzani wako saa tano. Ratiba ndiyo inayokuchagulia wenzako. Ndiyo maana utaona timu inamwazima mpinzani betri, au inamtuma fundi wake akamsaidie kufunga cheni. Woodie Flowers, profesa wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani aliyekuwa nguzo ya mashindano haya tangu mwanzo, alilisisitiza hilo miaka yote: shindana kwa nguvu zako zote, lakini kwa uungwana. Wanafunzi huliamini siku wanapookolewa wao.

Timu ina kazi gani zaidi ya kutengeneza roboti?

Nyingi. Kuna wanaochora roboti kwenye kompyuta kabla ya chuma kukatwa, wanaokata na kuunga, wanaoshughulika na waya, waandishi wa programu, na kikosi cha uwanjani: dereva, mwenzake anayeendesha mkono na vifaa vya juu, kocha, fundi. Kuna pia wanaotafuta wafadhili, wanaoweka kumbukumbu za timu, na wanaokaa jukwaani wakiandika takwimu za kila roboti. Hawa wa jukwaani watu huwadharau. Subiri nifike kwenye siku ya mashindano.

Mchezo ukishatangazwa, tunaanza kujenga nini?

Hamuanzi kujenga. Mnasoma kitabu cha kanuni, chote, kwa sauti ikibidi. Kisha mnahesabu.

Tuseme kuna kazi tatu za kupata pointi: kuingiza mpira chini, kuurusha juu, na kujiinua kwenye bomba mwishoni. Kila mwanafunzi mpya anataka zote tatu. Basi nawaambia watembee. Tunachora uwanja sakafuni kwa utepe, mmoja anakuwa roboti, mwingine anashika saa. Anakwenda kuchukua mpira, anarudi, anauweka. Sekunde ngapi? Safari ngapi zinaingia katika mechi moja? Ukizidisha safari kwa pointi, mara nyingi kazi iliyoonekana ya kifahari inashindwa na ile ya kawaida inayorudiwa mara nane bila kukosea.

Msimu mmoja hatukufanya hesabu hiyo. Tulijenga mkono wenye viungo vitatu, mzuri kweli kuutazama, uliokamilika siku mbili kabla ya mashindano. Dereva alipata nusu saa ya kuuzoea. Uwanjani uliokota kitu kimoja kwa mechi, ukakaa juu ukitetemeka huku timu yenye sanduku la mbao na mdomo wa kumwagia ikipita chini yetu na kurudi, ikipita na kurudi. Tangu hapo swali la kwanza kwa kila wazo jipya ni: litafanya kazi mara ngapi kati ya kumi? Jibu likiwa sita, wazo linarudi mezani.

Roboti yenye mwendo au yenye nguvu?

Mota ileile inakupa kimoja kwa kukunyang'anya kingine, na gia ndizo zinazogawa. Chukua mota inayozunguka mara 5,000 kwa dakika. Gia zikipunguza mzunguko mara kumi, gurudumu litazunguka mara 500 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya mara nane kwa sekunde. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 15 lina mzingo wa sentimita 47 hivi. Zidisha: karibu mita nne kwa sekunde, kwa hesabu ya karatasini. Ukipunguza mara ishirini badala ya kumi, mwendo unashuka hadi mita mbili lakini nguvu ya kusukuma inakuwa maradufu.

Sakafuni utapata pungufu ya hapo, kwa sababu ya msuguano na uzito. Na hata ukiwa na nguvu zote za dunia, magurudumu yakiteleza hazikusaidii. Kinachoamua msukumano ni mpira wa gurudumu na uzito unaokandamiza chini. Weka betri chini kabisa. Roboti ndefu yenye betri juu huanguka kwenye kona ya kwanza.

Roboti yetu huzima katikati ya mechi, lakini kwenye karakana haina tatizo. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na timu nyingine, na mara nyingi jibu huwa ni waya.

Kwenye karakana roboti haigongwi. Uwanjani inagongana na roboti nyingine kila baada ya sekunde chache, na kila kilicholegea kinajitangaza. Siku moja roboti yetu ilikuwa ikizima kila ikigongwa, inawaka tena, inakaa zaidi ya nusu dakika ikitafuta mawasiliano na uwanja, kisha inagongwa tena. Waandishi wa programu walikaa mchana kutwa wakipekua mistari yao. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye kazi yake ilikuwa kubadilisha betri tu, akashika kichwa cha waya kwenye betri na kukizungusha kwa kidole. Kikazunguka. Nati haikuwa imekazwa. Tukaweka washa yenye meno, yaani kipete cha chuma kinachozuia nati isilegee, tukakaza kwa spana mpaka kichwa kikagoma kabisa, na roboti haikuzima tena siku ile.

Kwa hiyo sasa kila muunganisho unavutwa. Ukishabana kichwa cha waya kwa koleo lake, unakishika kwa mkono mmoja na waya kwa mkono mwingine, unavuta kwa nguvu. Kikichomoka, afadhali kichomokee hapa. Tazama pia kama nyuzi za shaba zote zimeingia. Nyuzi mbili tatu zikibaki nje, siku moja zitagusa zisipotakiwa.

Sababu ya pili ni betri iliyochoka. Betri ya roboti kubwa ni ya volti 12, lakini mota zote zikianza kusukuma kwa pamoja volti hushuka ghafla. Mota moja ya kawaida iliyozuiliwa isizunguke inaweza kunywa zaidi ya ampea 100. Volti zikifika sita na kitu, ubongo wa roboti huzima mota ili wenyewe usife, na dereva anaona roboti inashtukashtuka kama mwenye kwikwi. Andika namba kwenye kila betri, andika iliingia chaja saa ngapi, na ile inayoshuka upesi ibaki ya mazoezi.

Ya tatu ni njia ya mawasiliano baina ya vifaa. Vikiwa vimefungwa mfululizo, kimoja baada ya kingine, waya mmoja ukichomoka vyote vilivyo mbele yake vinanyamaza. Mota nne zikifa kwa pamoja, usizikague zote nne. Tafuta mahali zinapoanzia.

Programu zinaandikwa kwa lugha gani?

Kwa roboti kubwa wengi hutumia Java, wengine C++ au Python. Lugha si kizuizi; mwanafunzi anayejitahidi huipata ndani ya msimu. Kigumu ni kuelewa kwamba programu inaamuru kitu chenye uzito.

Mfano ni mkono unaotakiwa kusimama kwenye nyuzi 90. Anayeanza huandika: washa mota, ukifika 90 zima. Mkono unafika na kupitiliza, kwa sababu chuma kilichokwisha kwenda hakisimami kwa kuambiwa. Fikiria unavyojaza maji chupa yenye mdomo mwembamba. Mwanzo unafungulia sana, ukikaribia juu unapunguza, mwisho ni matone. Programu inafanya vivyo hivyo: inapima umebaki umbali gani, na inatoa nguvu kulingana na umbali huo. Kisha inatazama unakaribia kwa kasi gani ili ifunge breki mapema, na kama mkono umekwama chini kidogo ya lengo, inaongeza nguvu polepole mpaka ufike. Wataalamu huita mbinu hiyo PID. Mwanafunzi akishaiona ikifanya kazi kwenye mkono alioutengeneza mwenyewe, hesabu za darasani zinabadilika machoni pake.

Ya kujiendesha yenyewe anzeni na dogo: roboti isogee na kuvuka mstari. Ikishavuka mara kumi kwa kumi, ongezeni. Na kila badiliko lihifadhiwe na maelezo yake, ili saa mbili kabla ya mechi muweze kurudi kwenye programu ya jana iliyokuwa nzima.

Dereva anachaguliwaje?

Kwa majaribio, si kwa cheo. Aliyebuni roboti si lazima awe dereva wake, na nahodha wa timu vilevile. Tunaweka njia ya vikwazo na saa, kila anayetaka anapewa nafasi sawa, na tunatazama mambo mawili: makosa yake ni mangapi, na anafanya nini baada ya kukosea. Yupo anayeangusha mpira akakunja uso na kuangusha mwingine. Yupo anayeangusha, akazunguka, akaokota. Tunamchukua huyo wa pili hata kama saa yake ni mbaya kidogo.

Halafu anafanya mazoezi. Hapa ndipo timu nyingi zinapopoteza mashindano miezi kabla hayajafika, kwa sababu siku za kujenga zinakula siku za kuendesha. Dereva anayetazama roboti ikija kumwelekea, kulia kwake ni kushoto kwa roboti. Hilo haliingii kichwani kwa kuelezwa. Linaingia kwenye vidole baada ya saa nyingi, mpaka afike mahali haulizi tena upande.

Sheria yetu ni kwamba wiki mbili za mwisho ni za dereva. Kisichokamilika kufikia siku hiyo kinatolewa kwenye roboti. Wanafunzi wamelia kwa sheria hiyo, na ninawaelewa, maana mtu amekesha na kifaa chake. Lakini kila tulipoivunja tulijuta. Mazoezi pia ndiyo yanayovunja vitu mapema: cheni inaruka, skrubu inadondoka, bamba linapinda. Vyote hivyo vikitokea karakanani unavirekebisha kwa utulivu.

Siku ya mashindano ikoje?

Ndefu. Kwanza mkaguzi anapima uzito na vipimo, anatazama nyaya, fyuzi na kingo kali. Msikasirike naye. Akikuta kosa, amewaokoa.

Kisha mechi za mchujo, moja baada ya nyingine. Katikati yake mnarudi kwenye kituo chenu: betri mpya, mkono unapita kila nati, cheni inaguswa. Tuna orodha iliyobandikwa ukutani na mtu mmoja wa kuisoma kwa sauti huku mwingine akigusa. Kichwa kilichochoka husahau hata kuwasha.

Sasa wale wa jukwaani. Mechi za mchujo zikiisha, kwenye mashindano makubwa timu nane za juu huwa manahodha wa miungano, na kila nahodha huita timu anazotaka kucheza nazo mtoano. Duru ya kwanza huanza kwa nahodha wa kwanza, ya pili hurudi nyuma ikianzia kwa wa nane. Nahodha anasimama mbele ya ukumbi mzima na ana sekunde chache za kutamka jina. Atamtaja nani? Asiye na takwimu atamtaja rafiki, au mwenye roboti inayong'aa. Mwenye watu sita jukwaani, kila mmoja akiwa ameandika roboti moja kwa kila mechi, atajua kwamba timu ya nafasi ya ishirini na tatu haijazima hata mara moja na inazuia vizuri.

Na kama hamko kwenye nane za juu, takwimu hizohizo mnaweza kuzipeleka kwa nahodha mkamwonyesha kwa nini mnamfaa. Sisi tumewahi kuitwa kwa njia hiyo.

Walezi na wazazi wanaojua ufundi wanaruhusiwa kutengeneza?

Wafundishe, washike tochi, waulize maswali. Spana ibaki mikononi mwa mwanafunzi. Najua inavyouma kumtazama mtoto akikata bamba mara ya tatu wakati wewe ungemaliza kwa dakika tano, lakini roboti iliyotengenezwa na baba haimfundishi mtoto kitu, na uwanjani ikiharibika hajui pa kuanzia. Nikiona mtu mzima ameinama juu ya roboti na watoto wamesimama nyuma yake, namwita pembeni kwa heshima.

Ni salama?

Ikifuatwa taratibu. Miwani ya kinga huvaliwa na kila aliye ndani ya karakana, hata anayepita tu. Nywele zinafungwa, mikono ya shati inakunjwa, mapambo ya shingoni yanavuliwa. Roboti ikiwashwa, anayewasha anatamka kwa sauti na wote wanatoa mikono. Betri ya asidi haibebwi kwa waya zake. Ikidondoka au ikipasuka haitumiki tena, na unga wa bikaboneti ya sodiamu uwe karibu wa kuzimulia asidi.

Mwanangu atashuka masomoni?

Anaweza, asipoangaliwa. Wiki za ujenzi humeza muda. Sisi tunafunga karakana saa iliyopangwa hata kazi ikiwa tamu, na aliye na mtihani huenda kusoma bila kupoteza nafasi yake. Mzazi ukiona anachoka kupita kiasi, tuambie mapema. Hatutamfukuza. Tutampunguzia.

Msimu ukiisha, roboti inapelekwa wapi?

Inabaki nzima mpaka wanafunzi wapya waje, maana wao hujifunzia juu yake. Wanaiendesha, wanaigonga ukutani, wanauliza hiki ni nini. Kisha tunaivunja. Mota zinapimwa moja moja na kuandikwa hali yake, waya nzima zinaviringwa, nati zinarudi kwenye makopo kwa vipimo. Wale wanaomaliza shule kila mmoja huchagua kipande kimoja. Yule binti wa betri, mwaka wake wa mwisho, angeweza kuchukua gia au bamba lenye namba ya timu. Aliomba ile washa yenye meno.